Tulivyobeba Ukame Hadi Kalokol

Haya, kaeni vizuri. Tangu nirudi sijaweza kwenda dukani hapa mtaani Tena bila mtu kunisimamisha: "Shiru, ni kweli Turkana mlichekwa?" Ndiyo, tulichekwa. Tulichekwa mpaka Oti akaombwa afe mara ya pili. Nimechoka kusimulia vipande vipande nikiwa nimebeba sukuma wiki mkononi, kwa hivyo nimeamua kuandika yote. Atakayeniuliza tena nitampa hii asome aniache nipike.

Kwa wale mnaotujua kwa sura tu: sisi ni watu wa maigizo, na mimi ndiye mwelekezi wao. Tunafanya mazoezi kwenye ukumbi wa kanisa siku ambazo kwaya haina zamu, na mchezo wetu una sheria moja tu. Yeyote anayetazama akipiga kelele "Simama!" mchezo unasimama, na yeye anaingia kuonyesha vile mambo yalivyo au yangepaswa kuwa. Ndivyo tunavyoongea juu ya mto unaofurika, juu ya anayechafua hewa na anayeikohoa, na juu ya ukoloni ambao watu husema uliondoka ilhali bado unatupangia tuseme nini jukwaani.

Mama Zawadi ndiye mwigizaji wetu mkubwa. Alifanya kazi kiwandani miaka mingi, akaishi Mukuru kwa Njenga karibu na mto, na akipanda jukwaani hata wauzaji njugu husahau kuuza. Halafu mto ukaja. Ukamchukulia nyumba nusu, na ile nusu iliyobaki ikachukuliwa na tingatinga lililotumwa kuondoa watu ukingoni. Tangu siku hiyo anaishi nami kwenye chumba changu kimoja, na tangu siku hiyo amekataa kabisa kuigiza habari ya maji. Akipewa nafasi ya kusema mengi anasema machache, halafu anaenda kuketi.

Wakati Akiru, dada mmoja wa maigizo tuliyekutana naye Nairobi, alipotualika kwao Kalokol kando ya Ziwa Turkana, Mama Zawadi alikubali kwa sharti. "Nitacheza kwa sababu niliahidi," akaniambia akikunja nguo zake zote, zote kabisa, kwenye mfuko mmoja mkubwa. "Lakini tukirudi, tukifika Kitale, mimi nashuka. Nachukua gari la Bungoma naenda kwa Zawadi. Nimemaliza na maigizo, Shiru." Zawadi ni binti yake, ameolewa huko.

Nilimwambia sawa, Mama. Moyoni nilisema tutaona. Kitale hupitwa mara mbili, na kati ya hizo mara mbili nilikuwa na wasaa wa kumbadilisha mawazo. Mimi mkaidi, mnanijua.

Tena hadi Ziwani

Tulitoka mapema tukampitia Oti kwao, mtaa wa Ziwani. Oti ni mpiga ngoma, mrefu, mpole, na anapenda chakula kuliko watu. Tulimkuta tayari mlangoni na ngoma yake kubwa. Aliyekuwa hajawa tayari ni mama yake, ambaye alisema hatutoki hapo bila maombi.

Tuliinamisha vichwa. Mama Oti aliombea dereva, akaombea macho ya dereva, akaombea magurudumu moja baada ya jingine, kisha akaanza kuombea kila mji ulio njiani kwa mpangilio. Alipofika Naivasha nilifungua jicho kumtazama Oti. Oti naye alikuwa amefungua jicho kutazama bakuli la mandazi. Mama Zawadi peke yake ndiye aliyesema "Amina" kwa dhati kila mara, na kila akisema, Mama Oti alipata nguvu mpya.

Tulikimbilia basi tukilipungia mikono na ngoma. Lilikuwa halijaondoka, kwa sababu dereva mwenyewe alikuwa bado anakunywa chai. Mama Zawadi akaniambia unaona, maombi yamefanya kazi. Nikala andazi.

Nikiwa nimekaa ndipo niwaeleze kile tulichobeba, maana hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mnakumbuka yule mgeni wa ng'ambo aliyekuja na mchezo wa Mukuru uliokwisha kuandikwa kabla hajafika Mukuru? Alitaka tuketi kwenye matope tutazame juu kwa huzuni. Nilimfokea mpaka sauti ikakauka. Nilimwambia huo ni ukoloni, hadithi ya mtu husemwa na mwenyewe. Basi tulipoalikwa Kalokol, tukaketi kikao kirefu cha watu wenye msimamo. Tukasema sisi hatutakuwa kama yule. Hatutaenda kuwalazimisha watu wa Turkana wasikilize mambo yetu ya Nairobi na mto wetu. Kwa heshima tutawaletea hadithi yao wenyewe.

Kwa hivyo tukatunga mchezo wa ukame, pale ukumbini Tena. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuvuka Kitale. Tulitumia tuliyoyaona kwenye televisheni. Mimi nilikuwa mama anayetambaa mchangani akiomba maji, Mama Zawadi alikuwa ajuza anayeketi kungoja mvua bila kusema neno, na Oti alikuwa mbuzi. Ninavyoandika haya naona aibu, lakini siku ile nilijiona mkombozi.

Kupanda hadi Timboroa

Huko juu Timboroa basi lilikata mkanda wa injini likasimama kwenye baridi ya kukata masikio. Utingo akatuambia fundi anakuja. Kila mtu anajua "anakuja" ya utingo ilivyo, kwa hivyo abiria wakashuka, wakanunua mahindi ya kuchoma na karoti, wakaanza kuongea na watu ambao tangu Nairobi walikuwa wamewapa mgongo.

Oti akaona huo ni wakati mzuri wa mazoezi. Akaenda pembeni kwenye nyasi, akapiga magoti, akaanza kufa. Alikufa vizuri sana. Alitikisa shingo, akatoa ulimi, akapiga teke hewani, akalia ile "mee" ya mwisho inayokatika katikati. Muuza karoti mmoja, mama mnene mwenye sweta mbili, akageuka akamwona.

"Uui! Kijana anakufa!" akapaza sauti, na karoti zikamwagika.

Kufumba na kufumbua watu walikuwa wamemzunguka. Mmoja anamfungua vifungo, mwingine anasema mpeni hewa, na yule mama wa karoti amemshika kichwa anakemea pepo kwa Kikuyu. Sasa, Oti nimemfundisha mwenyewe kwamba mwigizaji hatoki kwenye nafasi yake hata nyumba ikiungua. Hakutoka. Akajibu maombi kwa "mee."

Mama wa karoti akarudi nyuma. "Ni pepo la mbuzi!"

Ilibidi niingie katikati nieleze kwamba sisi ni waigizaji, kwamba huyu ni mzima, kwamba ana mama yake Ziwani aliyemwombea asubuhi hii hii. Oti akaketi, akafuta mdomo, akasema, "Samahani mathe, nilikuwa kazini." Yule mama alimtazama, akamtazama, halafu akamchapa begani kwa karoti na kumpa nyingine ale.

Nikasikia sauti ya ajabu nyuma yangu. Ni Mama Zawadi, ameegemea basi, anacheka mpaka leso imemteleza kichwani. Sikuwa nimekisikia kile kicheko tangu mto uje. Jamani, nilifurahi, nikataka fundi asifike kabisa.

Kitale

Tuliingia Kitale jioni, tukalala hapo. Kwenye hoteli ndogo tuliyopata chakula, mpishi alituletea ugali na kuku wa kienyeji aliyechemshwa polepole mpaka mchuzi ukawa mzito. Oti hakusema neno mpaka mfupa wa mwisho.

Nilianza kampeni yangu hapo mezani. Nikamkumbusha Mama Zawadi ile siku alipoigiza diwani anayekula pesa ya mitaro, watu wakamfuata mpaka nyumbani wakitaka pesa yao. Nikamwambia hakuna mwingine kama yeye kutoka Ziwani hadi Njiru.

"Shiru," akasema akinawa mikono, "usinipake mafuta kwa mgongo wa chupa."

"Nasema kweli, Mama."

"Najua unasema kweli. Lakini mimi nikisimama pale mbele, nasikia maji. Wewe unasikia makofi, mimi nasikia maji. Nitasimamaje?"

Tulipotoka nje alinionyesha kwa kidole mahali magari ya Bungoma yanapopakia, akaenda akamuuliza kijana mmoja kama huwa yanapatikana mchana. Kijana akamwambia yapo kutwa. Mama akashukuru, akarudi ametulia kama mtu aliyekwisha kupanga mambo yake. Usiku huo sikulala vizuri.

Kitale hadi Lodwar

Baada ya Kapenguria barabara inateremka milima kwa kona nyingi, na joto linakuja kukulaki. Tulivua sweta, tukavua soksi, na Oti angeruhusiwa angevua zaidi. Jirani yangu alikuwa dada mmoja muuguzi aliyekuwa akirudi nyumbani likizo, mcheshi, na shanga nzuri shingoni.

"Mnatoka Kenya?" akaniuliza.

Oti akageuka. "Kwani hapa ni wapi?"

Gari zima likacheka. Yule dada akatueleza kwamba huko kwao, ukielekea kusini unasema unaenda Kenya, maana serikali na barabara na mambo mazuri yalikaa huko miaka hiyo yote. Nikamwambia nimeelewa kabisa, sisi wa Eastlands nasi husema tunaenda "tao" kana kwamba hatuishi Nairobi. Tukapatana hapo hapo. Akaniuliza tunaenda kufanya nini.

"Tunaenda Kalokol. Tuna mchezo juu ya ukame."

"Ukame?" Akanitazama. "Kalokol?"

"Ndiyo."

"Haya," akasema, akajifunika mdomo kwa kanga. "Mtaona."

Nilidhani amekohoa.

Mbele kidogo, kabla ya Lokichar, gari lilisimama nyuma ya malori mengi. Mvua ilikuwa imenyesha mbali milimani, hapo tulipo jua kali na vumbi, na mto wa mchanga uliokuwa mkavu asubuhi sasa ulikuwa unapita juu ya barabara, mwekundu, umebeba magogo. Ikabidi tungoje upungue. Watu walikaa kwenye vivuli vya malori, wakagawana chai kutoka chupa moja, na mtu akatupa matunda ya mkoma tutafune, ambayo ni matamu ukiwa na meno ya Oti.

Hebu fikirieni. Tumekaa ukingoni tukingoja mafuriko yapite ili twende tukawaonyeshe watu kwamba hawana maji. Na hata hapo akili haikunijia! Nilimwambia Oti tu kwamba tutachelewa.

Mama Zawadi hakushuka. Alibaki ndani ya gari ameupa ule mto mgongo, mikono imeshika mfuko wake. Nikaenda nikaketi naye. Nilimmenyea chungwa, akala nusu akanirudishia nusu, na tukakaa hivyo mpaka dereva akapiga honi.

Lodwar hadi Kalokol

Lodwar tulibadilisha gari, tukafika Kalokol giza linaingia. Akiru alitupokea kwa kutukumbatia mmoja mmoja. "Ejoka!" akasema, na Oti, aliyekuwa amefundishwa njiani, akajibu "Ejok!" kwa sauti ya kuamsha kijiji.

Tulipewa samaki. Hapa niseme jambo juu ya Oti: yeye ni Mjaluo wa Ziwani, na juu ya samaki hana adabu. Alimgeuza yule ngege kwenye sahani, akamkagua jicho, akamnusa, akasema samaki halisi ni wa Ziwa Victoria lakini atajaribu. Akiru hakukasirika. Alimngoja tu. Oti alimaliza wa kwanza, akamaliza wa pili, akaangalia wangu.

"Huyu amekaangwa na nani?" akauliza kwa unyenyekevu.

Kuhusu ngoma aliyoibeba kutoka Nairobi, Akiru aliizunguka akaigusa. Akauliza ni ya nini. Oti akasema ni ya kuita watu. "Sisi tunaita kwa kuimba na kuruka," Akiru akasema. "Lakini ni nzuri. Bibi yangu mgongo unamsumbua." Kesho yake bibi alitazama mchezo wetu akiwa ameketi juu yake.

Akiru aliniuliza mchezo wetu unahusu nini ili awaandae watu. Nikamwambia ni siri, ni zawadi yetu kwao. Akasema sawa, wageni waachwe watoe zawadi yao.

Mchezo wenyewe

Tulicheza asubuhi kabla ya jua kuwa kali, kwenye uwanja wa mchanga. Watu walikuja wengi, kina mama wa samaki, wavuvi, watoto wa shule, vijana wa kikundi cha Akiru. Akiru aliwaeleza sheria yetu, kwamba wakiona kitu hakiko sawa wapige kelele "Simama!"

Nikaanza kutambaa. "Maji," nikalia, "maji jamani, maji..." Nilinyoosha mkono kama mtu wa kwenye televisheni. Bibi aliyekaa juu ya ngoma akasema kitu, msichana akainuka, akaniletea maji kwenye kikombe. Nilikaa hapo na kikombe, sijui ninywe au nitambae.

"Anasema unywe," Akiru akanitafsiria. Alikuwa anajikaza asicheke. "Anauliza mbona unajitesa na ziwa liko nyuma yako."

Niligeuka. Kweli, tangu tufike nilikuwa sijatazama vizuri. Ziwa lilikuwa pale pale, karibu mno, na ndani yake, mbali kutoka ukingo, zilisimama nguzo za ua, miti iliyokauka, na paa la nyumba.

Kabla sijaelewa, Oti aliingia kufa. Sikuwahi kuona watu wakipenda kitu namna hiyo. Hawa ni watu waliokulia na mbuzi, wanajua mbuzi kila hali, na huyu hawakuwa wamemwona. Alipotoa ile "mee" ya mwisho watoto walilala chini kwa kicheko, na sauti zikapanda, "Tena! Afe tena!" Oti akanitazama kwa jicho moja kuniuliza. Mungu anisamehe, nikatikisa kichwa kukubali, akafufuka akafa tena.

"Simama!"

Alikuwa mwanamke wa makamo, mrefu, shanga mpaka kidevuni. Jina lake Nakai. Anauza samaki wakavu kwa wafanyabiashara wa Kitale, kwa hivyo Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko chetu. Aliingia katikati akaweka mikono kiunoni.

"Dada," akaniuliza, "hawa ni akina nani?"

"Ni watu wa Turkana," nikasema polepole.

"Turkana gani?"

Watu walicheka tena. Nilitamani mchanga unimeze.

"Ukame tunaujua," Nakai akasema, na hakuwa na hasira. "Ulitumalizia mifugo, mimi nilikuwa na mbuzi kabla sijawa na samaki. Lakini sijawahi kutambaa. Nilihama, nikaanza biashara. Sasa hapa nilipohamia, maji yamenifuata. Lile paa mnaloliona kule ni langu. Nyinyi mmetoka Nairobi mkaja kuniletea ukame, na mimi nimelowa!"

Halafu akafanya kile sheria yetu inachosema. Akanisukuma kando, akachukua nafasi yangu. Akatazama waigizaji, akasema anataka mtu wa kumsaidia. "Nani hapa anayajua maji?"

Nilimwona Mama Zawadi ameketi na blanketi lake la ajuza anayengoja mvua. Nilitaka kuruka niseme mimi, mimi nitacheza maji, mwacheni huyu mama. Hata nilipiga hatua. Oti, aliyekuwa bado ni maiti ya mbuzi, akanishika mguu.

Mama Zawadi akaweka blanketi chini. "Mimi nayajua," akasema.

"Yako yalikujaje?" Nakai akamuuliza.

"Yangu yalikuja na kelele. Yalivunja mlango hayakubisha. Yalikuwa yamebeba takataka za Nairobi nzima, nikaona kiatu cha mtu kinapita juu ya kitanda changu."

"Yangu yalikuja kimya. Leo yako mlangoni, kesho yako chini ya jiko. Nikainua jiko, yakainuka. Nikainua tena, yakainuka. Ulibeba nini kwanza?"

"Godoro!"

"Godoro? Limelowa utalibeba vipi? Mimi nilibeba mlango."

"Mlango bila nyumba ni wa kazi gani?"

"Nyumba nitajenga. Mlango mzuri ni shida kupata!"

Wakaanza kuonyesha. Mama Zawadi na godoro lisilokuwepo kichwani, maji kiunoni, anaanguka anainuka. Nakai na mlango mgongoni, anageuka kila mara kulitazama ziwa kama linamfuata. Wakakutana katikati, wakagombana ni maji ya nani mabaya zaidi, na watu wakagawanyika, huku wanashangilia godoro, huku mlango. Akiru alikuwa anawatafsiria wazee mpaka akakosa pumzi.

"Na yalipoondoka?" Nakai akauliza.

Mama Zawadi akainua mikono yake yote miwili akaishusha taratibu mbele yake, akaanza kusukuma, na kwa koo lake akatoa mngurumo wa tingatinga. Alisukuma uwanja mzima. Hakuna aliyecheka.

"Hilo lilikuja kuwajengea?"

"Lilikuja kubomoa yaliyobaki."

Nakai akafikiri. "Sisi hakuna aliyekuja," akasema. "Hata wa kutubomolea."

Hapo watu walicheka kicheko cha mdomoni tu, nami nikacheka huku machozi yananitoka. Mvuvi mmoja akapiga kelele Simama, akaingia kuuliza: hawa walioichafua hewa ya dunia mpaka mvua ikapotea njia, wao wamehama mara ngapi? Kijana wa Akiru akamjibu kwamba wale hawahami, wale hutuma semina. Mjadala ukawaka. Wakaulizana nani alipe, na nani aulizwe kabla ya kuandikwa mpango wowote. Tuliendelea mpaka jua likatufukuza, na ule mchezo wa Tena hakuna aliyeuulizia tena, isipokuwa watoto na mbuzi wao.

Tukila baadaye, Oti alinisogelea na kichwa cha samaki mkononi. "Shiru, nina swali la kikundi. Sasa mkoloni ni nani?"

Nilimtupia kifuniko cha sufuria. Mama Zawadi na Nakai walikuwa kwenye kivuli wanafundishana kusuka ukili wa mkoma, vicheko haviishi. Nikamwendea Mama, nikajifanya sina haraka.

"Umecheza leo, Mama."

"Nimecheza."

"Basi Kitale..."

"Shiru. Nilisema nitashuka Kitale. Sikusema sitacheka Kalokol."

Kurudi

Tuliagana na Akiru na Nakai alfajiri. Walisema watakuja Nairobi tuumalize ule mchezo wa maji mawili pamoja, na safari hii hatutatunga hata neno kabla hawajafika. Kutoka Lodwar tulipata basi la moja kwa moja hadi Nairobi, linalopita Kitale mchana.

Mama Zawadi alikaa dirishani, mfuko wake mkubwa miguuni. Ule mto wa mchanga ulikuwa umekauka tena, tukaupita kama haukuwahi kuwapo. Tulipomaliza kupanda milima na baridi ikarudi, kichwa chake kikalala kwenye kioo. Kufika Kapenguria akaanza kukoroma. Alikoroma kwa nguvu, mdomo wazi, mpaka mtoto wa kiti cha mbele akageuka kumwangalia.

Oti akaniinamia. "Manze Shiru," akanong'ona, "amelala fofofo. Tusimwamshe."

"Unasema nini wewe?"

"Basi halikai sana Kitale. Akiamka tuko Eldoret. Tutamwambia hata sisi tulilala. Atalalamika kidogo, atazoea. Kwani hutaki abaki?"

Nilitaka. Siwafichi, nilitaka sana. Nilifikiria chumba changu bila yeye, chai ya asubuhi bila mtu wa kunikosoa, mazoezi bila ile sauti. Nilijiambia ni kwa faida yake. Nilijiambia alivyocheza Kalokol ni dhahiri anachotaka, hata kama mwenyewe hajui. Nikanyamaza, na Oti akachukua kunyamaza kwangu kuwa jibu.

Kitale ikaja. Basi likapunguza mwendo, utingo akaanza, "Wa Kitale! Kitale hapa!" Watu wakashusha mizigo. Mama anakoroma. Niliyaona magari ya Bungoma yakipakia. Mlango ukafunguliwa, watu wakashuka, wengine wakapanda, utingo akagonga bodi ya basi mara ya kwanza, ishara ya kuondoka. Na mimi nimekaa pale namjua mtu anataka nini kuliko anavyojijua mwenyewe, vile nilivyowajua watu wa Kalokol.

"Dere, ngoja!" nikapiga kelele. Nikamshika bega. "Mama. Mama Zawadi. Tumefika Kitale."

Akaendelea kukoroma. Nikamtikisa.

"Mama, amka ushuke. Gari za Bungoma ziko hapa."

Mkoromo ukakatika. Akafungua jicho moja, halafu la pili, na yote mawili yalikuwa makavu, meupe, hayana usingizi hata kidogo.

"Umekawia," akasema. "Nilidhani mtanipitisha."

Oti akafunika uso kwa mikono.

"Na wewe mbuzi nimekusikia," Mama akamwambia.

Utingo akaja akauliza kama mama anashuka au hashuki, watu wana safari. Nilikuwa tayari nimeuinua mfuko wake, machozi yananitiririka mbele ya abiria wote. Mama Zawadi akautazama mlango, akanitazama mimi.

"Weka mfuko chini, mwanangu," akasema. "Zawadi nitampigia simu. Nitaenda kumsalimia Krismasi."

Basi likaondoka. Akafunga leso yake vizuri, akajiweka sawa kitini, halafu akanigeukia na uso wa kazi, ule ambao sikuwa nimeuona tangu mto uje.

"Haya, mwelekezi. Nimekoroma tangu Kapenguria, shingo inaniuma. Niambie ukweli. Ilikuwaje?"

Nilijipangusa pua kwa mkono wa sweta. "Ulizidi kidogo, Mama. Pale mwanzo."

"Nilijua," akasema. "Kesho tuurekebishe."